Ukurasa wa Pili

Nyumbani kwa Tepaeru karatasi haikutupwa. Utaniambia huo ni ubahili, na wako wengi pale mjini Tokoroa waliosema hivyo, lakini mwanamke huyu alikuwa mjane wa mtu aliyetengeneza karatasi miaka thelathini na mmoja. Marehemu Ruatoe alivuka bahari kutoka kisiwa cha Rarotonga akiwa kijana mwenye mabega na sanduku moja, akaingia kiwandani, akasimama kwenye mashine ileile mpaka masikio yakafa, na kila siku akarudi nyumbani akinuka magogo yaliyochemshwa. Mkewe akajisemea, jamani, mtu amepoteza masikio kwa ajili ya kitu hiki, mimi nikitupe kwenye pipa? Basi bahasha zikawa za kuandikia mahitaji ya dukani, magazeti ya kanisa yakafungia taro, yale magimbi ya kwao, na barua za serikali, zile nyeupe nene zisizochanika ovyo, akazikata mifano ya tivaevae.

Tivaevae ndilo shuka la heshima la watu wa visiwa vile. Ni maua na majani ya kitambaa yaliyoshonwa kwa mkono juu ya kitambaa kingine, kazi ya mwaka mzima, na haliuzwi hata ukija na gunia la pesa. Mtu akiondoka kwao kwenda kuanza maisha, huviringishwa nalo mbele ya watu, nao wakimwangalia wanajua kuwa huyu alipendwa.

Alilokuwa akishona Tepaeru mwaka ule lilikuwa la Akaiti, mjukuu wake. Alimpokea akiwa na miezi tisa kutoka kwa mwanawe Ngarima, wala hakukuwa na balaa lolote. Kwao mtoto wa kwanza wa mwanao ni wako, umlishe wewe, umkuze wewe. Ngarima akavuka bahari kwenda Perth kufanya kazi migodini, akaoa huko, akazaa wengine. Akaiti akabaki Tokoroa akimwita bibi yake Mama, na hakuna aliyemsahihisha.

Serikali ilimlipa Tepaeru kila Jumanne fedha za kumtunza mtoto yule. Ukizijumlisha na pensheni yake, nyumba ya kupanga ya vyumba vitatu ililipika. Ukiziondoa, haikulipika. Katika nyumba hiyo ndimo Ruatoe alimofia, kwenye kiti cha karibu na dirisha, na makaburi yalikuwa dakika kumi kwa miguu. Kila Jumapili baada ya ibada Tepaeru alikwenda kumsimulia mumewe habari za wiki kwa sauti kubwa, kama zamani, maana marehemu hakuwa akisikia vizuri.

Basi mwezi wa kumi, Akaiti akiwa darasa la mwisho na mitihani ikiwa mlangoni, ikaja barua.

Nikwambie jambo moja kuhusu barua katika nyumba ile. Tepaeru alikuwa na Kiingereza cha dukani, kizuri tu, cha kumtosha kugombana na muuza nyama. Lakini Kiingereza cha barua kilimshinda. Tangu Akaiti ana miaka saba, yeye ndiye aliyesoma. Angesimama wima karibu na jokofu, akakaza shingo, akasoma kwa sauti ya pua kama karani, halafu akageuza kila sentensi kwa lugha ya nyumbani. Tepaeru alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. "Leo karani ana mafua," angesema.

Siku ile karani alikuwa shuleni. Tepaeru akaifungua mwenyewe. Karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa na nembo, jina lake, maandishi mengi, na kipande cha chini cha kujaza na kurudisha. Akaiegemeza kwenye kopo la sukari. Ya pili ilikuwa na mistari michache tu juu, halafu nyeupe tupu. Kila barua ya ofisi ile ilikuja na karatasi ya namna hiyo nyuma, ya kueleza kwamba ukitaka mkalimani piga namba fulani, na Tepaeru alikuwa na mkalimani wake aliyekula bure. Na mezani kitambaa cha kijani kilikuwa kikimsubiri. Jani la mshelisheli alilolichora kwenye gazeti lilikuwa limelegea, halishiki ukingo. Akaipapasa ile karatasi kwa kidole gumba. Lo, karatasi gani hii! Ruatoe angeipenda. Akaikunja kati, akachukua mkasi, akakata jani la mshelisheli na mikato yake yote, likatoka zuri, kavu, la kudumu. Siku ileile akakata kwalo majani sita.

Akaiti aliporudi alitupa begi, akala viazi vilivyobaki akiwa amesimama, akaona barua.

"Mama, wapenzi wako wamekuandikia tena."

"Soma. Na usiniletee hiyo pua leo, nina kichwa."

Akaiti akasoma, na pua aliileta. Malipo unayopokea kwa ajili ya mtoto huyu yatakoma atakapomaliza masomo ya sekondari. Iwapo mtoto ataendelea na shule mwakani, tafadhali jaza sehemu iliyo chini. Kwa masharti mengine tazama ukurasa wa pili. Hapo pua ikapotea. Akageuza karatasi nyuma.

"Wa pili uko wapi?"

"Ile ya wakalimani? Ishakwenda."

"Imekwenda wapi?"

"Kwani unataka mkalimani wewe? Kanawe mikono uje unishikie kitambaa."

Akaiti akacheka, akaenda kunawa. Na habari za ukurasa wa pili zikaishia hapo.

Sasa huyu binti. Alikuwa mrefu, mwenye miguu mikubwa ya kwao, kichwa chepesi darasani. Alitaka kuwa mkunga. Alitaka tangu ana miaka kumi na mbili, alipomwona mke wa mchungaji akijifungulia kwenye kiti cha nyuma cha gari nje ya ukumbi wa kanisa, wanaume wote wakikimbia huku na huku kama kuku. Chuo cha Dunedin, kule kusini mwisho wa nchi, kilikuwa kimempa nafasi, na wafadhili wamekubali kumlipia kila kitu miaka mitatu. Sharti lilikuwa moja tu: afaulu mitihani ya mwisho. Mwalimu wake, Bi Halloran, alimwambia Tepaeru mbele ya lango la shule kwamba huyu hata akiwa na homa atafaulu. Tepaeru akaenda makaburini siku hiyohiyo ijapokuwa ilikuwa Jumatano.

Alhamisi kina mama wa kanisa walikutana ukumbini kushona. Wanane, wameketi kuzunguka meza mbili zilizounganishwa, tivaevae la Akaiti katikati, kila mmoja na kona yake. Ukitaka kujua habari za mji ule, keti pale saa moja. Na sheria ilikuwa moja, ya Tepaeru mwenyewe: mikono mikavu. Huleti chai karibu, huleti jasho, huleti kamasi. Mama Tutai, rafiki yake wa miaka arobaini, aliwahi kufukuzwa mezani kwa kupiga chafya.

"Haya, Tepaeru," akasema Tutai akivuta uzi, "huyu mtoto akishakwenda, hela ya serikali inakwenda naye. Utalipa nyumba na nini? Na hayo meno yako mapya?"

"Meno nitayauza kwako, wewe huna hata ya zamani."

"Nakuuliza kweli."

"Kweli? Kweli mimi nimemwomba Mungu afeli!" Tepaeru akainua sindano juu. "Kila siku napiga magoti. Ee Bwana, mfelishe mtoto huyu, arudie darasa, arudie tena, afike miaka hamsini na sare ya shule, mradi nife nikiwa kwangu!"

Ukumbi ukalipuka. Mama mmoja akaangusha mkasi. Wakamchora Akaiti na mvi na soksi ndefu, wakamchora akija shule na fimbo. Tepaeru mwenyewe alicheka kuliko wote, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akashika kilichokuwa karibu akafuta macho. Akaiti alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Alikuwa akicheka naye.

Nyuma ya mzaha ule palikuwa na jambo ambalo Tepaeru hakumwambia mtu. Wiki ileile ya barua alimpigia Ngarima simu Perth. Mwanawe akasema, njoo, Mama, chumba kipo, watoto watakupisha. Mkewe akachukua simu akasema njoo kwa sauti ya mtu anayepanga upya makabati kichwani. Tepaeru akakubali. Angemsindikiza Akaiti Dunedin kwanza, arudi, afunge nyumba, amuage Ruatoe, aende. Alikusudia kumwambia binti akishafika chuoni na kuzoea. Akimwambia sasa, alijua, mtoto atakaa. Kwa hiyo akanyamaza, na akajiona mwerevu.

Mitihani ikaja mwezi wa kumi na moja. Kila asubuhi Tepaeru alimpikia uji mzito, akamtazama akitoka na kalamu zake kwenye mfuko wa plastiki unaoonesha ndani. Wiki ya kwanza binti alirudi akiimba. Wiki ya pili alirudi kimya. Hakula. Alikaa nje kwenye ngazi akibandua rangi ya ukuta kwa kucha.

"Ulikuwa mgumu?"

"Sio sana."

"Basi una nini?"

"Nimechoka tu, Mama."

Tepaeru akadhani ni woga wa kuondoka. Akafurahi hata, Mungu amsamehe, kwamba kuna mtu anaogopa kumwacha. Akamwekea mkono kichwani, akarudi ndani kushona.

Noeli wakala nguruwe, taro, na ile saladi ya viazi ya rangi ya waridi ambayo bila hiyo kwao si sikukuu. Majani yalikuwa yamekwisha, thelathini na mawili, mashelisheli manane katikati, ukingo mwekundu. Lilibaki pindo tu. Kina mama walikuja kulitazama wakaligusa kwa nyuma ya mikono.

Jumanne ya kwanza ya Januari, asubuhi, Tepaeru alikuwa akifuta vyombo. Akaiti alikuwa mezani na simu, akiangalia benki kama afanyavyo kila Jumanne.

"Mama, hela haijaingia."

"Ipi?"

"Ya kwangu."

"Ishakwisha hiyo, mwanangu. Si umemaliza shule? Kula mkate."

"Hapana. Haijakwisha." Akaiti akasimama. "Nilijaza kile kipande cha chini. Nikatuma. Nimewaambia naendelea."

"Unaendelea na nini?"

Binti alikuwa ameshapiga namba ya ofisi. Ukaja muziki wa kusubirisha, wimbo mmoja unaojirudia kama mtoto mwenye homa. Akaweka simu mezani na sauti nje, akatembea kutoka jokofu hadi dirisha, dirisha hadi jokofu. Tepaeru alikuwa na sahani mkononi, ameshaikausha zamani, akaendelea kuikausha. Dakika arobaini. Kisha sauti ya mwanamke, changa, yenye adabu, ikauliza jina, ikauliza tarehe ya kuzaliwa ya mtoto.

"Ametimiza kumi na minane mwezi wa sita, sivyo? Basi malipo yanaishia Desemba thelathini na moja, dada. Ndiyo ukomo."

"Lakini anarudi shule. Anarudia mwaka," akasema Akaiti, kama anayemzungumzia mtu mwingine.

"Hata kama anarudi. Mwaka anaotimiza kumi na minane ndio wa mwisho. Ilikuwa kwenye barua ya Oktoba. Ukurasa wa pili."

Maneno hayo ya mwisho Tepaeru aliyaelewa bila mkalimani. Aliweka sahani chini polepole.

"Kuna jingine nikusaidie?" ikauliza simu.

Ile sauti ikasubiri kidogo, ikawatakia siku njema, ikakata.

"Akaiti," akasema Tepaeru. "Nani anarudia mwaka?"

"Mimi."

"Kwa nini? Majibu bado hayajatoka."

"Nayajua majibu yangu." Binti alikuwa akitazama sakafu. "Mitihani mitatu ya mwisho sikuandika kitu. Niliandika jina."

"Jina?"

"Jina na namba. Halafu nikakaa saa tatu. Ningetoka mapema wangeniuliza. Nikahesabu madirisha. Ukumbi una madirisha ishirini na sita."

Tepaeru alishika ukingo wa meza. Kisha hasira zikampanda, zile hasira za mama wa visiwa zinazotangulia machozi ili kuyafungulia njia.

"We mpumbavu! Mpumbavu mkubwa! Miaka kumi na minane nakulisha, nakusuka, nakupeleka, unaenda kuhesabu madirisha! Nani alikutuma?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ukumbini. Ulisema umemwomba Mungu nifeli."

"Nilikuwa natania! Kila mtu alijua natania! Wewe mwenyewe ulicheka!"

"Najua ulikuwa unatania, Mama. Lakini ulipomaliza kucheka ulifuta macho kwa tivaevae." Sasa Akaiti alikuwa akilia, bila sauti, mdomo umepinda kama alipokuwa mdogo. "Wewe? Wewe uliyemfukuza Mama Tutai kwa chafya? Nikajua. Nikaona mwaka mmoja si kitu. Nikirudia, unakaa kwako mwaka mmoja zaidi, na Papa yuko hapo karibu, makaburini. Chuo nitaomba tena. Mwaka mmoja tu."

Utauliza, na mimi niliuliza, msichana mwenye akili hivyo mbona hakutafuta sheria kwenye simu yake. Alitafuta. Alikuta kurasa chungu nzima, hii inampeleka kwenye ile, na aliyoisoma ikamwambia mtoto anayeendelea na shule analipiwa. Alipopata alichokitaka akaacha kutafuta. Kumuuliza mtu hakuweza, maana angeulizwa kwa nini anataka kujua.

"Mimi nilikuwa nakwenda Perth," akasema Tepaeru. Hasira zilikuwa zimemwisha ghafla, akabaki mzee. "Kwa baba yako. Tumepanga tangu mwezi wa kumi. Chumba kipo."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia ungekwenda Dunedin?"

"Ningekwenda," akasema Akaiti. "Kama ningejua una pa kwenda, ningekwenda mbio."

Tepaeru akakaa kwenye kiti cha marehemu. Hakuna aliyekaa kwenye kiti kile tangu afe.

Akamwita aje karibu. Hakuja. Basi akainuka yeye, akafungua kabati la juu, akashusha kopo la biskuti anamowekea mifano yake. Mlikuwa na maua ya kila namna ya karatasi, nyota, kasa mmoja, na juu kabisa jani la mshelisheli, ukingo wake umechakaa kwa kuzungushiwa kalamu. Akaligeuza. Hakuwa akijua Kiingereza cha barua, lakini tarakimu ni tarakimu. Aliona kumi na nane. Aliona thelathini na moja. Yalikuwa pale, upande wa juu wa jani, meusi, na alikuwa ameyabana kwa mkono wake mwenyewe mara thelathini na mbili akichora kulizunguka.

Angeweza kulirudisha koponi. Nakwambia ukweli, alilifikiria hilo. Mtoto alikuwa hajaona. Angeweza kulichoma, na ubaya wote ungebaki kwa ofisi na barua zao. Kisha akavuka chumba akampa.

"Nisomee," akasema.

Akaiti akalichukua. Akalitazama sana kabla ya kuelewa ni nini. Akafuta macho kwa mkono, akasimama wima, akakaza shingo, na sauti ya karani ikamtoka, ileile ya pua. Sijui kwa nini aliileta, labda hakuwa na sauti nyingine ya kusomea barua.

"Mtoto akitimiza miaka kumi na minane, malipo yataendelea hadi tarehe thelathini na moja Desemba ya mwaka huo, na yatakoma, hata kama bado ana..." Akaligeuza jani. "Hapa umekata."

"Hata kama bado anasoma," akasema Tepaeru.

"Ndiyo. Hata kama bado anasoma."

"Ni mimi, mwanangu. Ni mkono wangu huu."

"Ningekuuliza tena siku ile. Nilikwenda kunawa mikono, nikasahau."

"Usijitwike. Ni mimi."

"Wote, Mama," akasema Akaiti, na hapo ndipo alipokuja akamwekea kichwa begani, yeye mrefu, akiinama, wakalia pamoja mpaka kwikwi zikawashika.

Majibu yalitoka katikati ya Januari, yakawa vile alivyosema. Bi Halloran alikuja nyumbani amevaa nguo za bustani, uso mwekundu, hajaamini. Alipiga simu Dunedin mbele yao. Walimsikiliza kwa huruma, wakamwambia ufadhili huwa haumngojei mtu, umeshakwenda kwa aliyefuata kwenye orodha. Aombe mwakani, huenda akapata. Bi Halloran akasema atampokea darasani tena kwa mikono miwili. Alipokuwa akiondoka aliuliza kwa nini, na Akaiti akamwambia aliugua.

Mwenye nyumba aliwapa mpaka wiki ya pili ya Februari wawe wamehama. Tutai akasema mtoto atakaa kwake, kitanda kipo, na akaanza mzaha wake, akauacha njiani. Tangu aliposimuliwa mambo yale alikuwa hatanii sawasawa. Jumapili ya mwisho Tepaeru alikwenda makaburini peke yake, akakaa muda mrefu, na waliopita barabarani wanasema siku hiyo hawakumsikia akipaza sauti.

Basi la kwenda uwanja wa ndege lilisimama barabara kuu saa nne asubuhi, joto limeshapanda. Kina mama walikuwapo wote, na mashada ya maua, na sanduku la maandazi ya njiani ambalo lingelisha basi zima. Waliimba wimbo wa kuagana. Tivaevae lilikuwa mikononi mwa Tutai, limekunjwa, pindo limemalizika. Wimbo ukaisha. Hapo ndipo mtu huviringishwa. Tutai akalikunjua, akasimama nalo, akamtazama Tepaeru, akamtazama Akaiti, asijue ampelekee nani.

"Mpe mtoto," akasema Tepaeru. "Ni lake. Nimelishona kwa jina lake."

Tutai akapiga hatua. Akaiti akatikisa kichwa. Alikuwa amevaa sare ya shule, ile ya mwaka jana, maana ilikuwa siku ya masomo na aliomba ruhusa ya saa moja tu. Akalichukua tivaevae mikononi mwa Tutai, akalipanua, majani yote ya kijani yakaonekana juani. Akalizungusha mabegani mwa bibi yake mara moja, mara mbili, akalifunga kifuani kwa mikono yake miwili.

"Akaiti, hili ni lako."

"Langu ni la kuondokea, Mama," akasema. "Mimi siondoki."

Dereva akashuka, akachukua sanduku la mzee, akamsaidia kupanda ngazi. Akamwambia, Mama, ndani kuna joto, livue hilo shuka nikuwekee juu. Tepaeru akakataa. Alikaa dirishani akiwa ameviringishwa mpaka shingoni, jasho likimtiririka, na basi lilipoondoka alikuwa akifuta uso wake kwa lile tivaevae, waziwazi, mbele ya kina mama wote.